Chuo Kikuu cha Umma Kilivyo: Mambo ambayo Mwanafunzi Mtarajiwa na Wazazi Wake Wanapaswa Kuyajua



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa mwezi Julai, nyumba nyingi za Kamunyonge hujaa furaha iliyochanganyika na hofu. Mzazi aliyesomesha kwa fedha ya dagaa au ya genge la mboga huona mwanawe akielekea mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika, na kwa kuwa hakufika, hana la kumweleza kuhusu huko aendako. Kijana naye hupata habari kwa waliomtangulia, nao mara nyingi humsimulia starehe kuliko kazi. Makala hii imekusudiwa kuziba pengo hilo. Tumechagua kueleza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kampasi ya Mlimani, kwa sababu ndicho chuo kikuu cha umma kikongwe kuliko vyote nchini, na kwa sababu mengi tutakayoyasema yatamfaa pia anayekwenda Dodoma, Sokoine kule Morogoro, au kwingineko.

Chuo kilikotoka

Chuo kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wake hawakufika 20. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia kilimani kilipo sasa. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo wa kwanza.

Lipo tukio moja katika historia hiyo ambalo kila kijana wa Mara anapaswa kulijua. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sheria iliyowataka wahitimu kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea sehemu tu ya mshahara kwa muda wa utumishi wao. Mwalimu aliwarudisha nyumbani kwa mamia, na wakati huohuo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu wanaweza kubishana hadi leo kama adhabu ile ilikuwa kali mno. Hoja yake, hata hivyo, haijazeeka: anayesoma kwa jasho la wengi ana deni kwa hao wengi.

Sura ya kampasi

Anayetoka stendi ya Bweri kwa basi hushukia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kisha huchukua daladala kuelekea Ubungo. Chuo kiko umbali wa kilomita 13 hivi magharibi mwa katikati ya jiji, katika eneo la Ubungo na Mwenge. Mgeni akishaingia hujiuliza kama yuko chuoni au msituni, kwa wingi wa miti. Hapo atauona Ukumbi wa Nkrumah, ambao wengi waliuona kwanza katika noti ya zamani ya shilingi 500. Atawaona pia tumbili, ambao hawana haya ya kuingia dirishani na kuchukua mkate.

Jambo la kwanza linalowashangaza wageni ni ukubwa. Kipindi kimoja kinaweza kuwa katika kumbi za Yombo, na kinachofuata kikawa upande mwingine kabisa wa kilima. Baadhi ya fani hazisomwi Mlimani hata kidogo: TEHAMA iko Kijitonyama, na uandishi wa habari uko Mikocheni. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta chumba, mwanafunzi ahakikishe masomo yake yanafundishwa wapi.

Ipo maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, yenye nafasi za wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Na chini ya miti vipo vimbweta, yaani meza na mabenchi ya zege ambako wanafunzi hukaa kwa makundi kujadili masomo. Tunathubutu kusema kwamba nusu ya elimu ya chuo kikuu hupatikana kwenye vimbweta, kwa yule anayekaa hapo kusoma.

Masomo yanavyokwenda

Mwaka una mihula miwili. Kozi za lazima kwa wote, kama Taaluma za Maendeleo, huwakusanya mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja, na mhadhiri hawezi kuyajua majina yao. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, isipokuwa kwa wanaosoma Kiswahili chenyewe. Kijana ambaye Kiingereza chake ni cha kukariri hupata shida katika wiki za mwanzo. Asione aibu. Wenzake wengi wako hivyo, na dawa ni kusoma kila siku na kuuliza.

Alama za kozi hugawanyika: kwa kawaida 40 hutokana na majaribio na kazi za muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Wastani wa jumla hupimwa kwa kipimo cha hadi 5.0, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Anayeshindwa kozi hurudia mtihani, na wanafunzi huita hali hiyo "kupata sapu". Anayeshindwa kupita kiwango huondolewa chuoni, nao huita "kudisko". Maneno haya hutajwa kwa mzaha vibarazani, lakini si mzaha kwa aliyeyapata.

Makazi na fedha

Vyumba vya chuo havitoshi wanafunzi wote. Yapo mabweni ya zamani ya Mlimani, hosteli za Mabibo zilizo nje ya kampasi, na mabweni ya Magufuli yaliyofunguliwa Aprili 2017, ambayo ni majengo 20 yenye nafasi 3,840. Waliokosa hupanga "gheto" Changanyikeni, Msewe, Makongo au Sinza, au hulala wawili kitanda kimoja kwa siri, jambo linaloitwa "kubebana". Mzazi ajue kwamba gheto lina kodi ya miezi kadhaa inayolipwa mara moja, na kwamba mwanawe huko hana mlezi.

Wengi husoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Maombi hufanyika kwa mtandao, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Wengi hukwama hapo kwa kuanza kuchelewa. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita "bumu", huja kwa mafungu. Siku ya bumu kijana wa miaka 20 huwa na fedha mkononi ambayo huenda baba yake hajawahi kuishika kwa siku moja. Wiki sita baadaye, asiye na mpango hula mlo mmoja. Tena mkopo si zawadi: atakapoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi hadi deni liishe.

Mahali pasipo na kengele

Sisi tuliosoma seminarini tulilelewa na kengele. Ilituamsha, ikatuita kanisani, darasani, mezani na kitandani. Shule nyingi za bweni hufanya vivyo hivyo. Chuo kikuu hakina kengele. Hakuna anayemwamsha mwanafunzi, hakuna anayemuuliza kwa nini hakuwapo jana, na hakuna anayemwambia mzazi wake. Ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo tunaona vijana wetu hawaandaliwi kuikabili.

Tulimpokea ofisini kijana mmoja wa familia tunayoifahamu. Alikuwa miongoni mwa waliofaulu vizuri. Katika muhula wa kwanza alikosa jaribio moja kwa sababu hakusoma tangazo. Akaona aibu kumwendea mhadhiri. Kwa aibu hiyo akakosa kipindi kilichofuata, kisha kingine, na hakuna aliyemuuliza. Mwisho wa mwaka aliondolewa. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo alibaki Dar es Salaam, akimwambia mama yake kwa simu kwamba masomo yanaendelea, na mama aliendelea kutuma fedha ya samaki. Ukweli ulipojulikana, mama alituambia, "Baba Padri, mbona hakuniambia? Ningelia siku moja, kesho yake tungetafuta njia." Kijana huyo baadaye aliomba upya na kuanza tena mwaka wa kwanza. Hakuangushwa na uzito wa masomo. Aliangushwa na aibu isiyo na mtu wa kuipokea.

Hatari nyingine ni za kawaida, nazo hukua haraka mahali pasipo na anayetazama: kubeti kwa simu, pombe, mahusiano ya kutafuta matumizi, na kununua kazi zilizoandikwa na wengine. Kwa mabinti zetu hasa, na hata kwa vijana wa kiume, tunalazimika kuitaja rushwa ya ngono waziwazi. Mtu mwenye mamlaka akidai mwili kwa ajili ya alama, anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Anayedaiwa hivyo hana hatia yoyote. Atunze ujumbe aliotumiwa kama ushahidi, aende dawati la jinsia la chuo, apige simu ya bure ya TAKUKURU namba 113, na amwambie mtu anayemwamini nyumbani. Nasi wazazi na wachungaji, siku atakapotueleza, tusianze kwa kumuuliza alikuwa amevaa nini.

Imani kilimani

Wapo wanaodhani chuo cha umma ni mahali pa kupoteza imani. Hatukubaliani nao. Vyuo vikuu vya kale vya Ulaya vilikua mikononi mwa Kanisa, na Mtakatifu Yohane Paulo II alilikumbusha hilo katika waraka wake *Ex Corde Ecclesiae* wa mwaka 1990. Akili inayotafuta ukweli si adui wa Mungu.

Tena tunao mfano wa nyumbani. Mwalimu Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge hapa Musoma, alikwenda Makerere mwaka 1943 akiwa bado mkatekumeni, na Desemba mwaka huohuo akabatizwa Nyegina. Masomo ya juu na ubatizo vilikuwa safari moja. Leo jimbo letu ndilo lililoanzisha mchakato wa kumwombea atangazwe mtakatifu, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Maandiko nayo yanatupa Danieli. Aliteuliwa kusoma elimu na lugha ya Wakaldayo katika jumba la mfalme, kwa miaka mitatu, ambayo ndiyo miaka ya shahada nyingi. Hakuikataa elimu ile. Alikataa kutiwa unajisi, na alikuwa na rafiki watatu wa kusimama naye. Danieli hakusoma peke yake. Kwa mwanafunzi Mkatoliki, rafiki hao hupatikana katika TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki wa vyuo, wenye Misa, kwaya, jumuiya na padri mlezi. Ajiunge wiki ya kwanza, kabla ya kuhitaji msaada.

Maandalizi kabla ya kuondoka

1. Omba moja kwa moja kwa chuo, kwa kuzingatia mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu. Usimpe wakala nywila zako wala fedha.
2. Shughulikia uhakiki wa RITA na maombi ya mkopo mapema. Beba vyeti halisi na nakala zake.
3. Pata barua ya utambulisho kutoka kwa paroko, na uifikishe kwa padri mlezi wa chuo.
4. Siku ya bumu, lipa kwanza kodi, tenga chakula cha wiki zote, kisha nunua mengine.
5. Andika ratiba yako mwenyewe, ukipanga saa ya kuamka, ya kusoma na ya kusali. Hiyo ndiyo kengele yako.
6. Soma matangazo ya idara kila siku. Ukikosea, mwendee mhadhiri au mshauri wa wanafunzi ndani ya wiki hiyohiyo.
7. Kubaliana na wazazi siku ya kupigiana simu. Na wewe mzazi, usiulize tu "umefaulu?" Uliza pia, "Unakula? Unalala wapi? Nani rafiki yako? Kuna jambo linalokusumbua?"

Neno la mwisho

Tunaziomba jumuiya ndogo ndogo za Kamunyonge zisiishie kwenye hafla ya kuagana na mchango wa nauli. Kila jumuiya imteue mtu mmoja wa kumpigia simu kila mwanafunzi wake walau mara moja kwa mwezi, katika mwaka wa kwanza. Ni gharama ya vocha tu, lakini kijana yule tuliyemtaja angepata walau sauti moja ya kumuuliza. Na tarehe 28 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Thomas wa Akwino, msimamizi wa wanafunzi na vyuo vikuu, tuwataje kwa majina katika sala zetu, ili popote walipo wajue kwamba nyumbani wapo wanaowakumbuka.