Upigaji picha wa sarafu

Upigaji picha wa sarafu ni kazi ya kupiga picha za karibu za sarafu ili maandishi, michoro na hali yake vionekane wazi. Hufanywa na makumbusho, wanaakiolojia, wakusanyaji na wataalamu wa numismatiki, yaani elimu ya sarafu. Picha nzuri humwezesha mtu aliye mbali kuitambua sarafu bila kuishika, na hubaki kuwa kumbukumbu iwapo sarafu yenyewe itaibiwa au kuharibika.

Tatizo la mng'ao

Karatasi hutawanya mwanga pande zote, lakini metali laini huuakisi kama kioo: pembe ya mwanga unaoingia ni sawa na pembe ya mwanga unaotoka. Hivyo kamera iliyo juu ya sarafu inayong'aa huona taa, dari au lenzi yake yenyewe. Taa moja kali huacha doa jeupe na kufanya sehemu nyingine zionekane nyeusi. Kwa sababu hiyo vitabu vingi vya numismatiki vya karne ya 19 na ya 20 vilichapisha picha za nakala za plasta, kwa kuwa plasta haing'ai.

Mbinu za mwanga

* *Mwanga wa mlazo*: taa huwekwa chini, pembeni mwa sarafu. Kila mwinuko hutoa kivuli, hata ule uliolika. Kwa kawaida mwanga hutoka juu upande wa kushoto. Ukitoka chini, jicho hudanganyika na kuona herufi zilizoinuka kana kwamba zimechimbwa.
* *Mwanga uliotawanywa*: karatasi nyeupe inayopitisha mwanga huwekwa kati ya taa na sarafu, au sarafu huzungushiwa hema jeupe. Rangi huonekana vizuri, lakini miinuko midogo hufifia.
* *Mwanga wa mhimili*: kipande cha kioo safi huwekwa kati ya lenzi na sarafu kwa mwinamo wa nyuzi 45. Taa ya pembeni humulika kioo, nacho huelekeza sehemu ya mwanga chini. Mwanga unaorudi hupita katika kioo hadi kwenye lenzi. Mbinu hii hufaa sarafu zenye uso kama kioo.
* *Picha za mianga mingi*: kamera na sarafu hubaki palepale huku taa ikihamishwa, kisha kompyuta huunganisha picha ili mtazamaji achague mwelekeo wa mwanga. Msingi wake ulielezwa mwaka 2001 na Tom Malzbender na wenzake wa kampuni ya Hewlett-Packard.

Kamera

Kamera hufungwa kwenye stendi, lenzi ikielekea chini, sambamba na uso wa sarafu. Lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105 huacha nafasi ya kuweka taa. Kwa umbali mfupi hivyo, ni sehemu nyembamba tu inayoonekana kwa ukali. Kupunguza tundu la lenzi husaidia, lakini tundu dogo mno hufifisha picha nzima. Kipimo cha milimita huwekwa kando ya sarafu.

Mfano wa Kilwa

Sarafu za masultani wa Kilwa Kisiwani, katika Tanzania ya leo, nyingi ni za shaba na hazina tarehe. Upande mmoja una jina la mtawala kwa Kiarabu. Upande wa pili una maneno ya kumtukuza Mungu yenye kina kimoja na jina hilo. Kwa kuwa jina ndilo linaloonyesha sarafu ni ya utawala upi, pande zote mbili hupigwa picha: kina cha upande mmoja kinaweza kusaidia kusoma herufi zilizofutika upande wa pili. Hapa mwanga wa mlazo ndio unaofaa zaidi.

Tahadhari

Sarafu ya kale haisuguliwi ili ing'ae kwenye picha. Kusugua huondoa utando wa juu na kuacha mikwaruzo isiyorekebishika. Sarafu hushikwa ukingoni, juu ya kitambaa laini, kwa sababu jasho la vidole huweza kuacha alama za kudumu.