Kabla Hujaweka Pampu Kisimani

Muulize fundi yeyote wa pampu hapa Mombasa: mbona pampu ya kuwekwa juu haivuti maji yaliyo zaidi ya mita 7 au 8 chini, hata ununue ya nguvu namna gani? Wengi watakujibu "ndivyo ilivyo", na wana haki, kazi yao ni kufunga pampu. Lakini swali hilo lilimtatiza hata Galileo. Katika kitabu chake cha mwaka 1638 alieleza habari za pampu iliyokataa kupandisha maji kupita dhiraa 18. Yeye alidhani nguzo ya maji hukatika kwa uzito wake yenyewe, kama kamba iliyozidiwa na mzigo.

Mwaka 1644 Torricelli, aliyekaa na Galileo katika miezi yake ya mwisho, akaeleza jambo ambalo bado linanishangaza: pampu haivuti kitu. Inatoa tu hewa iliyo ndani ya paipu, kisha hewa ya nje, ambayo ina uzito, ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Alijaribu kwa zebaki, ikasimama kwenye kioo kimo cha sentimita 76 hivi. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe: maji yatapanda mita 10 na kidogo, basi. Toa msuguano wa paipu na hewa inayopenya kwenye maungio, unabaki na zile 7 au 8 za fundi.

Ndiyo maana nyumbani kwetu Kisauni, kabla ya mtu kutaja bei, tuliteremsha uzi wenye jiwe kisimani. Mita 6 hadi kwenye maji. Poa, pampu ya juu ingetosha. Fundi akafunga ile vali ya mwisho wa paipu inayozuia maji yasirudi, akazungusha tepu kwenye kila ungio, akaijaza pampu maji kabla ya kuwasha stima, maana pampu kavu huzunguka bure. Kufikia alasiri tangi lilikuwa linalia kwa maji.

Kazi rahisi hivyo inafuta kitu cha zamani sana. Nenda Gede, kusini kidogo mwa Malindi, utaona visima vilivyojengwa kwa mawe karibu na misikiti na majumba. Kaburi moja pale lina mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu hayo mwaka 1948, alikuta dalili kwamba kisima cha karibu na Msikiti Mkuu kiliongezwa kina. Mji ulikuwa unayakimbiza maji chini. Watu walipouhama, mwanzoni mwa karne ya 17, kulikuwa na vita na misukosuko mingi ya Pwani, lakini kushuka kwa maji kunatajwa miongoni mwa sababu. Shuleni sisi tulifundishwa vita tu. Maji hayana shujaa, nadhani.

Enzi hizo kamba ndiyo iliyokuwa mita ya maji. Unateka ndoo, unapumzika, mwenzako anateka. Mkono ukichoka, kisima nacho kinapumua.

Hata pampu ya kwanza ya kisasa ambayo Pwani inaweza kujivunia ilikuwa ya mkono. Afridev, ambayo leo inapatikana nchi nyingi za Afrika na Asia, ilijaribiwa Kwale miaka ya 1980 katika mradi uliohusisha Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Ujanja wake ni kwamba pistoni yake hukaa chini kabisa, ndani ya maji, ikiyainua kutoka huko. Kwa hivyo ile mipaka ya Torricelli haiihusu, inafika mita 45. Na iliundwa ili wanakijiji waifungue na kuitengeneza wenyewe, kina mama wakiwa kwenye kamati. Wakati wa kuteka bado uliamuliwa na watu waliosimama pale na mitungi yao.

Swichi haina foleni. Bomba la Mzima lilileta maji Mombasa mwaka 1957, kutoka Tsavo, zaidi ya kilomita 200, lakini mitaa mingi leo mifereji hukauka siku kadhaa, na kila ploti inatafuta pampu yake. Siwalaumu, sisi pia tumeweka. Shida ni kwamba huku ufuoni, kwenye mwamba wa matumbawe, maji tamu yanaelea juu ya maji ya bahari. Mwaka 1901 Mjerumani aitwaye Herzberg, akichunguza maji ya visiwa vya Bahari ya Kaskazini, alieleza uwiano wake: kwa kila mita 1 ya maji tamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna karibu mita 40 za maji tamu chini yake. Igeuze hesabu hiyo uone. Ukiyashusha maji ya juu mita 1 tu na kuyaacha hivyo, chumvi inaweza kupanda kukufuata hadi mita 40. Bahari haihitaji kuvunja ukuta wako, inakuja kutoka chini.

Kwa hivyo tulikubaliana na fundi mdomo wa paipu uning'inie nusu mita tu chini ya uso wa maji, pampu izime yenyewe yakishuka, na tuwashe nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Jirani yetu, ambaye kisima chake kiko hatua 20 kutoka kwetu, alikuja kuangalia. Alionja maji kwa kiganja, akatikisa kichwa kuridhika, halafu akamuuliza fundi yake ya nguvu maradufu ni pesa ngapi. Mama akamwita ndani wanywe chai kwanza. Walizungumza hadi Magharibi kuhusu saa: nani awashe lini.