Sonona: dawa na ushauri nasaha, Madibira na Nyanda za Juu Kusini

Sonona ni ugonjwa wa akili unaomkalia mtu kwa majuma mawili au zaidi. Moyo huwa mzito karibu kila siku, au mambo yaliyokuwa yakimfurahisha hayamgusi tena. Usingizi huvurugika, chakula hakiliki, nguvu huisha, mtu hujilaumu kwa yasiyo yake, na wengine hufikia kuwaza kufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Tiba zake zilizothibitishwa ziko katika makundi mawili: vidonge vya sonona, na tiba ya mazungumzo ambayo Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la ushauri nasaha. Makala hii inazipima tiba hizo kwa mgonjwa wa kijijini, na mfano wake ni Madibira.

Madibira ni kata ya Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, katika tambarare za Usangu, mpakani na Mkoa wa Iringa. Wabenediktini walifungua misheni hapo mwishoni mwa karne ya 19. Siku hizi jina lake linakwenda na mpunga: skimu ya umwagiliaji ya takribani hekta 3,000 inayopata maji ya Mto Ndembera, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambamo mkulima mdogo kwa kawaida hugawiwa hekta moja. Anayeugua huanzia zahanati au kituo cha afya. Akipewa rufaa, njia ni mbili: Rujewa kwenye hospitali ya wilaya na kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au kupanda upande wa Mafinga na Iringa. Barabara ya Rujewa–Madibira–Mafinga ina urefu wa kilomita 150 hivi, na nauli yake ni sehemu ya gharama ya matibabu hata kama haiandikwi kwenye cheti.

Anavyofika mgonjwa

Ni nadra mtu kuingia kwa tabibu na kusema ana sonona. Husema kichwa kinauma, mwili umechoka, moyo unakwenda mbio, halali, ana mawazo mengi. Hupimwa malaria, hupimwa taifodi, hurudi nyumbani na dawa za maumivu, na baada ya wiki mbili yuko tena kwenye benchi. Wengine huenda kwa mganga, na idadi yao si ndogo. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2003 na Ngoma, Prince na Mann ulikuta matatizo ya kawaida ya akili, sonona ikiwamo, kwa asilimia 48 ya waliokuwa kwa waganga wa jadi, na asilimia 24 ya waliokuwa kwenye kliniki za afya ya msingi. Kwa hiyo mjadala wa dawa au ushauri unawahusu wale waliokwisha kutambuliwa, nao ni wachache. Dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, ambalo limejaribiwa kwa Kiswahili nchini Tanzania, huweza kuulizwa na muuguzi kwa dakika chache. Kabla ya kuamua tiba, tabibu huangalia pia upungufu wa damu, tezi ya shingo, pombe, na dawa nyingine anazotumia mgonjwa.

Hilo la mwisho lina uzito wake Nyanda za Juu Kusini. Katika utafiti wa kitaifa wa 2016–17, maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa mitatu iliyoongoza Tanzania Bara. Efavirenzi, iliyokuwamo kwenye mchanganyiko wa ARV kwa miaka mingi kabla dolutegraviri haijaanza kushika nafasi yake mwaka 2019, ilijulikana kuleta ndoto mbaya na kwa wengine huzuni. Mgonjwa wa aina hiyo alihitaji kubadilishiwa ARV kabla ya kuongezewa kidonge kingine.

Vidonge

Dawa za sonona zilianza kwa bahati. Iproniazidi ilikuwa dawa ya kifua kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1950, madaktari wakaona wagonjwa wakichangamka kupita ilivyotarajiwa. Imipramini ilijaribiwa na Roland Kuhn nchini Uswisi, naye akatoa matokeo yake mwaka 1957. Ndugu yake, amitriptilini, iliingia sokoni mwaka 1961, na fluoksetini ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987. Hizi mbili za mwisho zimo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, na ndizo anazoweza kukutana nazo mgonjwa wa wilayani.

Je, zinafanya kazi? Andrea Cipriani na wenzake, mwaka 2018, walijumlisha majaribio 522 yenye washiriki 116,477 na dawa 21. Zote zilishinda kidonge bandia, na amitriptilini, kongwe na ya bei nafuu, ilikuwa juu kabisa kwa nguvu. Ushindi wenyewe kwa wastani ni wa kiasi. Kwa sonona nyepesi, mwongozo wa WHO uitwao mhGAP, uliozinduliwa mwaka 2010, haupendekezi kuanza na dawa.

Udhaifu wa amitriptilini unajulikana: kinywa kukauka, choo kigumu, usingizi mzito, kizunguzungu mtu anapoinuka. Mkulima anayeingia jarubani alfajiri ataihisi. Kubwa kuliko yote, dozi iliyozidi huudhuru moyo vibaya, hivyo mwenye mawazo ya kujiua hakabidhiwi vidonge vya mwezi mzima. Hupewa vya siku chache, na ndugu akavitunza, na dawa za shambani nazo akazifungia mbali. Fluoksetini ni salama zaidi kwa upande huo. Yenyewe huleta kichefuchefu, wasiwasi wa siku za mwanzo, na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wagonjwa hawalisemi mpaka waulizwe. Isichanganywe ovyo na tramadoli. Na yeyote aliyewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, asiyelala na anayetapanya fedha, asianzishiwe dawa ya sonona peke yake, kwani inaweza kumrusha kwenye kichaa cha furaha.

Vidonge huchukua majuma mawili hadi sita kuonyesha kazi, huku maudhi yake yakianza siku ya kwanza. Hapo ndipo wengi huacha. Waliopona hushauriwa kuendelea miezi tisa hadi kumi na miwili, kisha kupunguza polepole. Kukatisha ghafla huleta kizunguzungu na wasiwasi ambao mtu hudhani ni ugonjwa umerudi.

Mazungumzo

Kumwambia mgonjwa avumilie, amshukuru Mungu, aache kuwaza, si tiba ya mazungumzo, ingawa mara nyingi ndicho kinachotolewa kwa jina la nasaha. Tiba yenyewe ina mpangilio na idadi ya vikao, na mtoaji wake amefunzwa na anasimamiwa. Hahitaji kuwa daktari. Ushahidi wa hilo umetoka karibu na nyumbani.

Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda, wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi waliendesha vikundi vya tiba ya mahusiano, wiki 16, kila kikao dakika 90. Tiba hiyo huitazama sonona kupitia mambo manne: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Utafiti huo, uliochapishwa na Paul Bolton na wenzake mwaka 2003, ulionyesha kuwa baada ya vikao waliobaki na sonona kubwa katika vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa 54.7. Harare, Dickson Chibanda aliwafunza kina bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi na kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio la mwaka 2016 lenye watu 573 liliuthibitisha utaratibu huo, na baadaye ukapelekwa Zanzibar. Kwa ulinganifu wa ana kwa ana kuna Kisumu, Kenya, ambako jaribio la SMART DAPPER liliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu kati ya fluoksetini na tiba ya mahusiano, zote zikitolewa na wahudumu wasio mabingwa, na wasiopona wakabadilishiwa au kuunganishiwa.

Majaribio yaliyokusanywa duniani yanaelekea upande mmoja: kwa miezi ya mwanzo dawa na mazungumzo hulingana, zikiunganishwa hushinda kila moja peke yake, na faida ya mazungumzo hudumu zaidi baada ya tiba kwisha.

Kuchagua

Kwa sonona nyepesi, mazungumzo kwanza. Kwa ya wastani, mojawapo, kwa kufuata anachokipenda mgonjwa na kinachopatikana. Kwa kali, pale mtu haamki kitandani, hali, au anapanga kufa, dawa haziwezi kusubiri, na rufaa inahitajika. Mtoto wa chini ya miaka 12 hapewi dawa za sonona. Kijana akihitaji, fluoksetini ndiyo inayofikiriwa, chini ya uangalizi.

Kwa Madibira, hata hivyo, swali la nani atamfuatilia mgonjwa linatangulia la tiba ipi ina nguvu. Kidonge kisicho na mtu wa kuuliza juma la tatu unaendeleaje huachwa. Kikundi kisicho na msimamizi hugeuka kikao cha kupeana pole. Vikao vinane vya kila wiki vinawezekana baada ya mavuno, lakini wakati wa kupandikiza miche ukumbi utakuwa mtupu, na kupanga huduma bila kuitazama kalenda ya mpunga ni kujidanganya. Nafasi imefunguka kidogo tangu Januari 2024, serikali ilipozindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao ndio wanaoweza kubisha hodi.

Kuna pia yasiyotibika kliniki. Deni la pembejeo, au mashaka ya ardhi yaliyofuata Tangazo la Serikali namba 28 la mwaka 2008 lililoipanua Hifadhi ya Ruaha ndani ya Usangu, hayaondolewi na fluoksetini. Mazungumzo nayo hayayaondoi. Humrudishia mtu uwezo wa kuyashughulikia, na hilo dawa nayo humsaidia aliyezama sana.

Sheria inaingia hapa pia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Mgonjwa anayeogopa polisi hupunguza maneno, na tabibu anayepima ukali wa ugonjwa kwa kusikia maneno hayo humpa tiba ya sonona nyepesi mtu aliyehitaji ya sonona kali.