Mawese kwenye tangi la dizeli: Kinachowezekana na kisichowezekana Kasulu na Kibondo

KILA bei ya dizeli inapopanda, watu wa Kasulu na Kibondo hutazama upande wa Ziwa Tanganyika, iliko michikichi, na kuuliza swali lilelile: je, gari haliwezi kutembea kwa mawese?

Swali hilo si la mzaha. Wilaya hizo za nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma ziko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, yanakoshushwa mafuta kutoka nje ya nchi. Nauli ya safari hiyo huingia katika bei ya kila lita. Ndiyo maana bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) huwa juu zaidi Kigoma kuliko Dar es Salaam.

Mei 2022 bei ya dizeli ilivuka Sh3,000 kwa lita hata Dar es Salaam kwenyewe, na Serikali ikalazimika kutenga ruzuku ya Sh100 bilioni kuanzia Juni mwaka huo ili kupunguza makali.

Katika nyanda hizo dizeli ndiyo inayosukuma malori ya mahindi na maharage, mabasi, magari ya wagonjwa na mashine za kusaga za vijijini. Kwa miaka mingi imeendesha pia misafara ya misaada ya kambi za wakimbizi za Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo. Hata umeme wa miji hiyo ulitoka kwenye jenereta za dizeli hadi mwaka 2022, Gridi ya Taifa ilipofika.

Jibu fupi la swali la mawese ni kwamba injini ya dizeli huyakubali. Lakini si kila injini, si kwa kuyamimina tu kwenye tangi, na mara nyingi hakuna faida inayobaki baada ya hesabu kupigwa.

Wazo lenye zaidi ya karne moja

Kuendesha injini kwa mafuta ya mimea si jambo jipya. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe aliandika baadaye kwamba nchi zisizo na petroli zingeweza siku moja kujitegemea kwa mafuta ya mashamba yao.

Mfano ulio karibu zaidi na Kigoma ulitokana na Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne alipata hataza ya njia ya kugeuza mafuta ya mawese kuwa mafuta mepesi ya injini kwa kuyachanganya na alkoholi. Mwaka uliofuata, basi la abiria lilitumia mafuta ya aina hiyo kati ya Brussels na Leuven, nchini Ubelgiji. Hayo ndiyo yanayoitwa leo dizeli ya mimea, au bayodizeli.

Majaribio hayo yalififia kwa sababu petroli ilikuwa rahisi. Yalifufuka katika miaka ya 2000, bei ya mafuta ghafi duniani ilipoanza kupaa.

Tatizo ni uzito wa mafuta

Mafuta ya mimea ni mazito. Yakiwa kwenye nyuzi joto 40, uzito wake wa kutiririka ni zaidi ya mara kumi ya ule wa dizeli. Nozeli ya injini imetengenezwa ili irushe dizeli kama ukungu mwembamba. Ikipewa mafuta mazito hurusha matone makubwa ambayo hayaungui yote.

Mabaki hayo hugeuka masizi magumu kwenye ncha za nozeli, hukwamisha ringi za pistoni, na mengine huteremka na kuingia kwenye oili ya injini. Oili hiyo huanza kuganda kama uji. Gari halizimiki siku hiyo hiyo, na hapo ndipo penye mtego. Dereva huona limetembea vizuri wiki ya kwanza na kuamini kuwa amepata nafuu, kumbe gharama inakuja baada ya miezi.

Mawese yana ugumu wa ziada. Alizeti na karanga hutoa mafuta yanayobaki majimaji, lakini mawese huanza kuganda hata kabla baridi haijawa kali. Mji wa Kigoma uko kando ya ziwa, ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai huko ni wa kujifunika blanketi. Mawese yaliyoachwa kwenye tangi usiku huo yatakutwa asubuhi yameziba bomba na filta.

Njia tatu za kuyatumia

Njia ya kwanza ni kuibadili gari yenyewe. Gari hufungwa tangi la pili na mfumo unaotumia maji ya moto ya rejeta kupasha mafuta ya mimea hadi nyuzi 70 au 80. Dereva huwasha kwa dizeli, hubadili injini ikishapata moto, na kabla ya kuzima hurudi kwenye dizeli ili kusafisha mabomba. Akisahau hatua hiyo ya mwisho, kesho gari haliwaki.

Aina ya injini ni jambo la msingi. Injini za zamani zenye chumba kidogo cha kuanzia mwako, kama 1HZ ya Toyota Land Cruiser inayofahamika sana katika barabara za vumbi za Kigoma, huvumilia zaidi. Injini za kisasa zenye pampu ya shinikizo kubwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta hazivumilii kabisa, na ukarabati wake ni ghali mno.

Njia ya pili ni kuyabadili mafuta badala ya gari, yaani kutengeneza bayodizeli. Kwa kawaida lita 100 za mafuta huchanganywa na takriban lita 20 za methanoli na kiasi kidogo cha kostiki soda. Hupatikana takriban lita 100 za mafuta mepesi, na gliserini hutuama chini. Mafuta hayo yanaweza kutumika katika injini nyingi za dizeli.

Hata hivyo, methanoli ni sumu inayoweza kupofusha na kuua, na huagizwa kutoka nje. Aidha, mawese yanayokamuliwa vijijini, hasa ya ngazi zilizokaa siku kadhaa kabla ya kuchemshwa, huwa na asidi nyingi. Yakikutana na kostiki soda hugeuka sabuni. Wanawake wa Kigoma wanaotengeneza sabuni kwa mawese wanalijua jambo hilo siku nyingi.

Njia ya tatu ni kuyatumia katika mashine zisizotembea. Injini nzito ya silinda moja, ya mwendo wa pole, kama zile zinazosaga nafaka vijijini, huvumilia mafuta ya mimea yaliyochujwa vizuri kuliko injini ya gari. Shirika la TaTEDO lilionyesha hilo katika miaka ya 2000 kijijini Engaruka, wilayani Monduli, ambako injini ya aina hiyo ilitumia mafuta ya mbono kaburi kuendesha mitambo na kuwasha taa.

Chungu na tangi hugombea lita moja

Kama ufundi unawezekana, kwa nini Kigoma haijajaza mawese kwenye magari yake? Jibu liko jikoni.

Kwa takwimu ambazo Serikali imezitumia tangu ilipoanza kampeni ya kufufua michikichi mwaka 2018, mahitaji ya mafuta ya kula nchini yalikuwa tani 570,000 kwa mwaka, huku uzalishaji wa ndani ukiwa tani 205,000 tu. Pengo lilizibwa kwa kuagiza nje, na sehemu kubwa ya mafuta hayo yalikuwa mawese ya Asia. Kampeni hiyo iliyosimamiwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, na miche bora ya kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, ililenga chungu. Haikulenga tangi.

Zaidi ya hayo, bei ya mawese hufuatana na bei ya petroli. Mwaka 2008 petroli ilipopaa, mawese nayo yalipaa katika soko la dunia. Mwaka 2022 ikawa vivyo hivyo: Machi mwaka huo tani moja ilizidi dola 1,700 za Marekani. Maana yake ni kwamba siku dereva wa Kasulu anapoyahitaji zaidi mawese ili kukwepa dizeli, ndiyo siku mama lishe naye anayalilia.

Kampuni ya FELISA, ya ubia wa Watanzania na Wabelgiji, iliingia Kigoma katikati ya miaka ya 2000 ikiwa na mpango wa mashamba ya michikichi kwa ajili ya dizeli. Mpango huo haukubadili kinachouzwa katika vituo vya mafuta vya mkoa huo.

Somo la mbono kaburi

Ili kukwepa ugomvi wa chungu na tangi, wengi waligeukia mbono kaburi, mti wa uzio ambao mbegu zake ni sumu na haziliwi. Mpanda, kusini mwa Kigoma, kampuni ya Prokon ya Ujerumani iliingia mikataba na wakulima wadogo. Arusha kulikuwa na Diligent. Kisarawe, Sun Biofuels ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 na ikaanguka mwaka 2011, huku wanavijiji wakibaki bila ardhi na bila ajira.

Mti huo ulisifiwa kuwa hustawi popote. Ukweli ni kwamba huota popote, lakini kuzaa vizuri huhitaji udongo mzuri na mvua kama mazao mengine. Utafiti uliochapishwa Kenya mwaka 2009, ulioshirikisha taasisi za ICRAF na KEFRI, ulionyesha kuwa haumlipi mkulima mdogo isipokuwa kama uzio.

Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Lita moja huhitaji kilo nne hadi tano za mbegu. Tangi la lita 90 la Land Cruiser moja lingehitaji kilo 360 hadi 450, zilizochumwa na kubanguliwa kwa mkono. Oktoba 2009 Serikali ilisimamisha ugawaji mpya wa ardhi kwa miradi hiyo, na Novemba 2010 ikatoa mwongozo wa nishati ya mimea.

Uchakachuaji si nishati mbadala

Kuna "mbadala" mwingine uliowahi kusambaa kuliko yote: mafuta ya taa ndani ya dizeli. Yalikuwa na kodi ndogo, hivyo wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na kuuza kwa bei ya dizeli. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa hiyo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu, na pampu isiyolainishwa husagika.

Kinachobaki

Kwa mwenye gari Kasulu au Kibondo, kumimina mawese mabichi kwenye tangi ni kukopa kwa injini. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mwenye injini ya kisasa hana nafasi hata ya kujaribu. Mwenye ya zamani anahitaji tangi la pili, mfumo wa kupasha, filta za kutosha na fundi anayeuelewa mfumo huo, na bado atakuta lita ya mawese sokoni inamshinda bei.

Nafasi halisi ni ndogo lakini ipo: mashine ya kusaga iliyo mbali na nguzo za umeme, uzio wa mbono kaburi ambao tayari umesimama, na mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kazi, yakichujwa na kuondolewa maji. Hapo hakuna anayenyang'anywa mboga yake wala shamba lake, na injini inayobeba hatari si ile inayosubiriwa na mgonjwa.