Chipu Iliyokufa Haina Kovu

Katika maabara ya elektroniki, mwanafunzi akimaliza zoezi huchomoa chipu zake, hunyoosha miguu iliyopinda na kuzirudisha katika droo alimozitoa. Wengi huieleza desturi hii kuwa nidhamu tu, au ubahili wa vyuo vyenye fedha kidogo. Mimi naona chimbuko lake ni ufundi wenyewe. Miaka ya 1920 wapenzi wa redio walikaza saketi zao kwa skrubu na misumari juu ya mbao, wengine wakitumia kibao cha jikoni cha kukatia mkate. Vali za kioo zilikaa katika soketi, kwa hiyo ziling'olewa na kutumika tena. Transista, iliyozaliwa mwishoni mwa 1947, ilikuwa na miguu myembamba ya kulehemu, na kila ilipobanduliwa ilipata joto jipya na kupoteza kipande cha mguu. Kijenzi cha namna hiyo hakiazimwi mara nyingi.

Mambo yalibadilika kampuni ya Fairchild ilipobuni, mwaka 1964, umbo la chipu yenye safu mbili za miguu iliyoachana kwa milimita 2.54. Mwaka 1971 Ronald Portugal wa E&L Instruments, Connecticut, aliombea hataza ubao wa matundu yanayofuata nafasi hiyohiyo, na ndani ya matundu mna vibanio vya chuma vinavyoushika mguu bila kulehemu. Kuanzia hapo chipu moja iliweza kupita mikononi mwa wanafunzi wengi bila kudhurika. Ubao huo ndio ulioifanya desturi ya kurudisha chipu iwezekane.

Atakayepinga atasema chipu zimekuwa rahisi mno, hivyo desturi hii imepitwa na wakati. Hoja hiyo ina uzito kwa rezista, na vyuo vinavyompa kila mwanafunzi kifurushi chake vinafanya vyema. Lakini hasara ya kijenzi kibovu haipimwi kwa bei yake dukani. Chipu za CMOS, ambazo kampuni ya RCA iliziingiza sokoni mwaka 1968, zina tabaka jembamba sana la oksaidi. Binadamu huanza kuhisi cheche ya umeme tuli inapokaribia volti 3,000, ilhali tabaka hilo linaweza kutobolewa na volti chache kuliko hizo kwa mbali. Chipu iliyokufa hivyo haina kovu wala harufu ya kuungua. Atakayeichukua kesho atatafuta kosa katika nyaya zake mwenyewe, saa nzima au zaidi, akiamini hajui kazi. Hata rezista ya michirizi mitatu myekundu ikitupwa kwenye droo ya michirizi mitatu ya machungwa, mwenzake atajenga saketi kwa kilo-omu 2.2 akidhani ni 33.

Ndiyo maana kurudisha kuna adabu zake: kugusa chuma kilichounganishwa na ardhi kwanza, kuchomeka chipu katika sponji nyeusi inayopitisha umeme, na kuweka kando kila inayotiliwa shaka. Wapo wanaotaka faini kwa anayeharibu, na nia yao ni kulinda mali ya wote. Ila mwanafunzi anayeogopa faini ataifuta vumbi chipu iliyokufa na kuirudisha kimyakimya kati ya nzima. Kisanduku cha vijenzi vinavyoshukiwa, kilichowekwa wazi mezani na kisichoulizia jina la mtu, huilinda droo kuliko rejista yoyote ya madeni.