Kanieneo katika visima vya bahari kuu (Manda na bonde la Lamu)

Kanieneo, au presha kama wengi wasemavyo, ni kani inayokandamiza kila kipande cha eneo. Mzamia kambakoche wa kisiwa cha Manda, Lamu, huijua kwa masikio: akishuka pima 5 na nusu, yaani mita 10, hubana pua na kupuliza ili kiwambo kisimuume. Maji yamemwongezea takriban baa 1, sawa na kanieneo ya hewa yote iliyo juu ya kisiwa, na kila mita 10 zaidi huongeza nyingine.

Mashariki ya Manda, mbali na miamba, bahari ina kina kirefu. Mwaka 2007 meli ya Kijapani Chikyu, ikiifanyia kazi kampuni ya Woodside ya Australia, ilichimba kisima cha Pomboo-1 kwenye maji ya karibu mita 2,200. Mafuta hayakupatikana. Pale chini bahari hukandamiza kwa baa 220 hivi, lakini si bahari inayolipua kisima. Hatari imo mwambani: maji au gesi iliyonaswa chini ya tabaka za udongo mgumu hubebeshwa sehemu ya mzigo wa mawe yaliyo juu yake. Wachimbaji huituliza kwa tope lililotiwa unga wa baraiti liwe zito. Likiwa jepesi mno, gesi huingia kisimani. Likizidi uzito, mwamba hupasuka na tope hupotelea humo. Kwenye bahari kuu nafasi baina ya mipaka hiyo ni nyembamba, maana maji hayaulemei mwamba kama mawe.

Gesi ikishapenya hupanda huku ikivimba. Lita 1 iliyo mita 2,000 chini hufika juu ikiwa takriban lita 200, na njiani hulitapisha tope lililopaswa kuizuia. Ndivyo ilivyokuwa katika kisima cha Macondo, Ghuba ya Meksiko, tarehe 20 Aprili 2010: watu 11 walikufa na mafuta yakavuja siku 87, mita 1,500 chini ya maji. Kofia ya chuma iliyoshushwa Mei kuyakinga ilizibwa na barafu ya gesi na maji, ambayo huganda penye baridi na kanieneo kubwa.

Lamu, ajabu, presha ya kutisha ilikutwa nchi kavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 BP na Shell walichimba kisima cha Pate-1 katika kisiwa cha Pate, jirani na Manda. Kupita mita 4,000 wakaikuta gesi yenye nguvu isiyo ya kawaida, na kisima kikaachwa. Kampuni ya Zarara ilirudi huko mwaka 2018 kuchimba Pate-2.