Kutoka Amri ya Kodi hadi Haki ya Kujua: Habari za Serikali Zilivyofika Vijijini Rungwe

Tukuyu, wilayani Rungwe, ulianza kama mji wa kutolea amri. Makao ya kwanza ya Wajerumani katika nchi ya Wanyakyusa yalikuwa Langenburg, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambako malaria haikuwapa nafasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walipanda milimani, wakajenga boma lao Tukuyu na kuuita mji huo Neu Langenburg. Wakati huo, habari ya serikali iliyomfikia kila mwenye nyumba ilikuwa kodi, iliyoanza kutozwa katika koloni zima mwaka 1898. Tangazo lilisema kiasi gani kilipwe na lini. Hakuna aliyeulizwa maoni, wala hakuna aliyeelezwa fedha hizo zingemrudia kwa njia gani.

Wenyeji hawa hawakuwa wageni katika mambo ya kupashana habari. Kila eneo lilikuwa na malafyale wake, yaani chifu, na chini yake walikuwapo mafumu, viongozi wa vijiji. Vijiji vyenyewe vilijengwa kwa rika: vijana wa umri mmoja waliondoka kwa baba zao wakajenga pamoja, wakaoa hapo, wakazeekea hapo. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wataalamu wa elimu ya jamii waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938, walieleza jinsi Wanyakyusa walivyothamini kukaa na wenzao, kula pamoja na kuzungumza, kwa imani kwamba hapo ndipo mtu anapopata busara. Kitabu cha Monica, Good Company, kilichotoka mwaka 1951, kimejengwa juu ya jambo hilo. Nalitaja mapema kwa sababu naamini ndilo linaloeleza kwa nini njia fulani za kuhabarisha wananchi zilifanikiwa Rungwe na nyingine zikaishia ukutani.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifungua kituo chao Rungwe, na wenzao wa Berlin nao wakaingia mwaka huohuo. Shule zao zilizaa wasomaji wa kwanza. Kwa hiyo, serikali ya Mwingereza ilipoanza kuchapisha gazeti la Mambo Leo mjini Dar es Salaam, Januari 1923, Kiswahili cha kusoma kilikuwa na watu wake hata katika milima hii ya kusini. Mambo Leo lilikuwa gazeti la idara ya elimu, na halikuficha kwamba linasema yale ambayo serikali inataka yasemwe. Hata hivyo lilipokea barua na mashairi ya wasomaji kutoka kila pembe ya Tanganyika. Ulikuwa mlango mdogo, lakini mwananchi alianza kujibu.

Bwana Shauri, kama mkuu wa wilaya alivyoitwa, yeye alitegemea baraza. Tangu mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, machifu walipewa mamlaka ya kisheria kutawala kwa niaba ya serikali. Malafyale akageuka mdomo wa boma. Alitangaza kodi, chanjo ya mifugo na kazi za barabara. Ulikuwa mzigo mbaya kwa kiongozi wa jadi, maana kadiri alivyotangaza amri za wengine ndivyo watu wake walivyomwona mtu wa serikali. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru.

Redio ndiyo iliyobadilisha mambo. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kurusha matangazo mwaka 1951, kikawa shirika mwaka 1956, na mwaka 1965 kikawa Redio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali. Wazee wanaikumbuka kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, yaliyofanya watu wanyamaze barazani ili wasikie kama kuna wa kwao. Lakini kazi yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa vikundi vya kusikiliza. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima. Kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi, kiongozi akasoma kijitabu, kisha watu wakajadili na kuamua la kufanya kwao: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Habari ilitoka juu, lakini uamuzi ulitoka kwa walioketi pale. Kwa watu waliolelewa katika mazungumzo ya rika, utaratibu huo haukuwa mgeni hata kidogo.

Inasikitisha kwamba miaka ileile serikali iliondoa chombo ambacho mwananchi angekitumia kuhoji. Mpango wa madaraka mikoani wa 1972 ulivunja halmashauri za wilaya, na mambo mengi yakaamuliwa na maofisa. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria ya 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Sheria hiyo iliupa nguvu mkutano mkuu wa kijiji, unaomhusu kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unaopaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa na miradi kujadiliwa. Sijaona chombo cha habari kinachoushinda mkutano huo, kwa kuwa anayetoa taarifa anasimama mbele ya watu wanaomjua na wanaoweza kumuuliza papo hapo.

Zikaja mbao za matangazo. Mpango wa elimu ya msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulitaka fedha zinazoingia shuleni zibandikwe ili wazazi wazione. Wazo lilikuwa zuri. Lakini Rungwe ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na karatasi iliyobandikwa nje haina maisha marefu. Tena, aliyeko shambani kwenye chai au migomba tangu alfajiri hapiti ofisi ya kijiji kila siku. Leo Tukuyu ina redio ya jamii, Chai FM, na tangu mwaka 2017 halmashauri nchini zimefunguliwa tovuti. Zote zinasaidia, ingawa tovuti humfaa zaidi yule mwenye simu ya intaneti na kifurushi.

Tofauti kati ya anayejua na asiyejua inapimwa kwa shilingi. Chukua mikopo ya asilimia 10. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha, na mwaka 2024 ikairudisha kwa utaratibu mpya. Kikundi kilicho karibu na ofisi za halmashauri pale Tukuyu husikia mapema na kuandaa nyaraka zake. Kikundi kilichoko Suma au Ikuti kikichelewa kusikia, kinabaki nyuma ingawa sifa kinazo zote. Kuchelewesha habari ya namna hii ni kumnyima mtu haki yake.

Na ni haki kweli, si fadhila. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 30.

Kwa hiyo, msomaji wa Rungwe, ikiwa miezi mitatu imepita bila mkutano wa kijiji, mwandikie mtendaji wako barua uulize mkutano ni lini na taarifa ya mapato na matumizi iko wapi. Peleka nakala kwa diwani, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku ya mkutano, nenda na jirani yako ambaye hajawahi kuhudhuria.